Picha za wawili kando ya ziwa la milimani: anzeni na saa, nguo baadaye

Wapenzi wakishaamua kwenda kupigwa picha kwenye ziwa huko juu milimani, swali la kwanza huwa tuvae nini, la pili nani atatupiga, la tatu tutafikaje, alafu suala la saa linakuja mwisho kabisa, tena inachukuliwa saa yoyote itakayobaki baada ya watu kuamka kwa raha na kunywa chai. Hapo ndo picha zinapoharibika kabla hata kamera haijatolewa kwenye begi. Ziwa lile lile na nyie wale wale, saa 12 asubuhi na saa 7 mchana ni picha mbili zisizofanana hata kidogo, na hakuna kuediti kutakakoziba hiyo tofauti. Kwahiyo pangeni saa kwanza, kila kitu kingine kiifuate.

Kama mnaweza kuamka, nendeni alfajiri. Najua wengi wanataka jioni, na jioni ni nzuri, ila ziwa la mlimani lina tabia yake. Asubuhi na mapema hewa mara nyingi imetulia na maji hayatikisiki, mlima unajiona wote ndani ya maji. Jua likishapanda likaanza kuchoma miteremko, hewa ya bondeni inapata joto, inapanda, upepo unaanza kuvuma, na maji yakishakuwa na viwimbi ile taswira ya mlima imeondoka, haiji tena mpaka upepo ulale. Juu ya hapo asubuhi watu ni wachache, hamtakuwa mnasubiri kundi la watalii lipite nyuma yenu. Na kwenye milima mingi miezi ya joto mawingu ya radi hujijenga mchana, yaani jioni mnayoisubiri inaweza ikaja na mvua.

Mkichagua jioni, msiiamini ile saa ya machweo inayoonyeshwa na simu. Ile inahesabu kama vile mko kwenye uwanda. Kama upande wa magharibi kuna ukuta wa mlima, ziwa linaingia kivulini mapema, inaweza kuwa hata saa nzima au zaidi kabla, na mtafika mmevaa mmependeza mkute jua lishajificha. Programu kama PhotoPills au Sun Surveyor zinakuonyesha njia ya jua juu ya ramani kwa tarehe mnayoitaka, mkifika mnaelekeza simu angani mnaona jua litapita wapi. Angalia pia mlima uko upande gani wa ziwa. Mlima ukiwa magharibi, jua la asubuhi linaupiga usoni, unawaka dhahabu kuanzia kileleni kushuka chini wakati nyie bado mko kwenye kivuli laini, na hapo picha zinatoka tamu sana. Mlima ukiwa mashariki, asubuhi utaona umbo jeusi tu mbele ya anga jeupe, hapo jioni ndo yenu.

Tarehe nayo ichunguzwe. Maziwa ya juu kwenye nchi za baridi yanaweza kuwa na barafu mpaka katikati ya mwaka, na ile rangi ya feruzi mnayoiona kwenye picha za watu inatokana na unga laini wa mawe uliosagwa na barafu ya mlima, unaletwa na maji ya kuyeyuka, kwahiyo mkienda kabla barafu haijaanza kuyeyuka vizuri mnaweza kukuta ziwa halijajaa na rangi haijakolea. Moraine Lake kule Kanada ni hivyo, huwa linafikia ujazo wake kuelekea mwisho wa mwezi wa 6. Alafu tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya kwenda pale, lazima mpande basi, na kuna watu wanapanga kila kitu vizuri wanakuja kujua hilo wakiwa getini. Someni masharti ya mahali mnapoenda. Hifadhi nyingi zinataka kibali kama mpiga picha analipwa, omba mapema na majibu uyapate kwa maandishi. Droni msizibebe kwa mazoea, mfano hifadhi za taifa za Marekani zilizipiga marufuku tangu 2014.

Kuhusu mpiga picha, msimchague kwa zile picha zake kumi bora. Mwombe akuonyeshe picha zote alizomkabidhi kapo mmoja kwa siku moja, ikiwezekana za nje kwenye mwanga mkali, alafu uangalie sura. Hili nalisisitiza hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Kamera ikiona maji yanang'aa au theluji kileleni inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zenu zinazama gizani. Na mkiwa kivulini, mwanga unaowafikia unatoka kwenye anga la bluu, unaipa ngozi rangi ya majivu. Mpiga picha anayeijua kazi anapima mwanga kwenye ngozi, anapiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili arekebishe rangi baadaye, na anakuja na riflekta (kibao cha kurudisha mwanga) au flashi ndogo ya kuinua sura kidogo. Ukiona kwenye kazi zake anga limetoka vizuri lakini watu wana rangi ya simenti, endelea kutafuta.

Muulize pia atatumia lenzi gani. Watu wengi wakiona mandhari kubwa wanakimbilia lenzi pana, 24mm au chini ya hapo, alafu wanashangaa mlima umekuwa kichuguu. Akirudi nyuma mbali akatumia lenzi ya kuvuta karibu, 85mm mpaka 135mm, mlima unaonekana umewasogelea, unajaa nyuma yenu. Lenzi pana iwekwe kwa zile picha za nyie kuwa wadogo kabisa pembeni mwa fremu na ziwa limechukua nafasi yote, ambazo kwa maoni yangu lazima ziwepo mbili tatu. Kwa picha ya taswira majini kamera ishuke chini kabisa, karibu iguse maji. Na kile kichujio cha kupunguza mng'ao kina faida ya kuonyesha mawe yaliyo chini ya maji, lakini kikizungushwa vibaya kinafuta taswira yote ya mlima, kwahiyo akizungushe taratibu huku anaangalia.

Kitu kimoja kidogo ambacho kinaharibu picha nyingi: ule mstari wa ufuko wa ng'ambo. Ukipita shingoni au katikati ya kichwa, picha inakuwa kama mmekatwa. Mpiga picha akishuka kidogo au akipanda kwenye jiwe, mstari unahama, unakaa kifuani au juu ya vichwa. Sekunde tano tu, lakini wewe mwenyewe usione aibu kumkumbusha.

Sasa nguo. Kwenye maji ya kijani na bluu rangi za joto zinatoka vizuri sana: kutu, haradali, damu ya mzee, krimu. Msivae sare, vaeni rangi zinazopatana. Rangi za kuwakawaka zinarusha mwanga wake kwenye kidevu, na mistari midogo midogo inaleta mawimbi ya ajabu kwenye picha. Gauni refu jepesi linalopeperuka ni zuri, ila livaeni nyumbani kwanza, mtembee nalo, mkae chini, mpande ngazi, muone kama linawaruhusu. Halijoto inashuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 mnazopanda, kwahiyo vaeni nguo ya joto ya kubana kwa ndani, mchukue makoti mazito ya kujifunika kati ya picha na picha, maana mtu anayetetemeka hawezi kuigiza raha, mabega yanapanda na taya linakaza. Tembeeni na buti, viatu vya picha viwe kwenye begi.

Mkishafika, robo saa ya kwanza mtakuwa wagumu kama miti, ni kawaida, wala msiogope. Anzeni na kutembea, mpiga picha akiwa mbali, mmeshikana mikono mnaongea mambo yenu na kuangaliana kila baada ya hatua kadhaa. Pozi za kusimama zije mkishazoea. Mikono ndo inayosumbua zaidi, ukiiacha inaning'inia tu, kwahiyo kila mkono upewe kazi: mmoja kiunoni kwa mwenzio, mwingine kwenye kola ya koti lake, au umeshika kikombe cha kitu cha moto. Blanketi moja la kujifunika wote wawili linafanya maajabu, mnasogeleana bila kuambiwa. Msiangalie kamera muda wote. Nong'onezaneni kitu cha kweli, maana kicheko cha kweli kinaonekana mpaka kwenye macho.

Kama mnajipiga wenyewe inawezekana kabisa. Tripodi, begi limening'inizwa katikati ili upepo usiiangushe, rimoti ya bluetooth au mpangilio wa kupiga kila baada ya sekunde kadhaa. Kwa simu mnaweza kurekodi video ya 4K mkiwa mnatembea alafu mkachomoa fremu, kila moja ina karibu megapikseli 8, inatosha kuchapwa kwa saizi ya albamu.

Na kama kuna pete mfukoni, mpiga picha ajue mahali kamili mtakaposimama na upande utakaopigia goti, na mkubaliane ishara, mfano ukivua kofia. Piga goti kwa upande, sura zote mbili zionekane, na usiharakishe kunyanyuka.

Usalama usiupuuze kwa ajili ya picha. Maji ya ziwa la milimani ni ya baridi hata jua likiwaka, ukitumbukia ghafla unavuta pumzi bila kutaka, na hapo hata anayejua kuogelea anaweza kuzama. Mawe yenye ukungu wa kijani yanateleza, msisimame juu yake na gauni refu. Mkipanda mtumbwi, jaketi za kuokolea zivaliwe, mpiga picha atatafuta pembe nyingine. Kama ziwa liko juu ya mita 2,500 mwili unaweza kuleta kichwa kuuma na kichefuchefu, laleni huko usiku mmoja kabla ya siku yenyewe. Mkisikia radi ondokeni ufukweni na kwenye miti iliyosimama peke yake, mtafute jengo au gari, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tochi za kichwani ni lazima kwa safari ya alfajiri, na ramani ishushwe kwenye simu mapema kwasababu mtandao huko mara nyingi hakuna. Vikaratasi vya kurusha na maua ya dukani viacheni nyumbani, vinabaki kuwa takataka, na majani ya kule juu yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi, pitieni kwenye njia au kwenye mawe.

Betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Mkirudi kwenye chumba chenye joto kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu unatengeneza matone kwenye lenzi. Picha zihamishiwe sehemu mbili usiku huo huo. Na mwambieni mpiga picha mapema asizidishe rangi ya maji kwenye kuediti, kwasababu akiyavuta yawe bluu zaidi, mara nyingi na ngozi zenu zinafuata huko huko.