Kuchagua kipaza sauti cha bei nafuu kwa kurekodi nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Anayetaka kurekodi sauti nyumbani, iwe ni kwa masomo ya mtandaoni, matangazo ya biashara, mawaidha au kuhifadhi simulizi za wazee wa Newala na Nachingwea, kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue kipaza sauti gani. Swali hilo ni la pili. La kwanza linahusu chumba atakamorekodia na umbali kati ya mdomo wake na kifaa, kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama kifaa cha shilingi elfu hamsini kitatoa sauti inayosikilizika, au kama kifaa cha laki tano kitatoa sauti ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa.

Chumba

Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa matofali ya saruji, zikaezekwa kwa bati na kuwekwa sakafu ya saruji au marumaru. Sehemu ngumu kama hizo hurudisha sauti, na ijapokuwa sikio la mtu aliyemo chumbani hulizoea jambo hilo, kipaza sauti huupokea mwangwi wote na kuuchanganya na maneno. Ili kukipima chumba chako, simama katikati, piga kofi moja la nguvu, kisha usikilize. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, chumba hicho kinahitaji kupunguziwa mwangwi kabla ya kutumia hata shilingi moja dukani. Chumba cha kulala chenye kitanda, kabati lililojaa nguo na pazia zito mara nyingi hushinda sebule iliyopambwa kwa marumaru, hata kama sebule ndiyo inayopendeza kwenye picha. Nyumba za mawe za Mikindani, zenye kuta nene, huzuia vizuri kelele za barabarani, lakini ndani yake mwangwi unaweza kuwa mkubwa kuliko wa nyumba ya matofali.

Kifaa cha bei rahisi kuliko vyote vya kumeza mwangwi ni godoro. Lisimamishe nyuma ya msemaji, si nyuma ya kipaza sauti, kwa sababu vipaza sauti vingi vya kuzungumzia husikiliza upande wa mbele, na upande huo ndiko aliko msemaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili na kutundikwa kwa kuachana na ukuta kwa upana wa kiganja hufanya kazi inayokaribia hiyo. Kanga moja iliyobandikwa ukutani haisaidii kitu, na vipande vyembamba vya sponji vinavyouzwa kwa ajili ya studio humeza sauti kali za juu tu, huku vikiiacha sauti nzito ya kifuani ikiendelea kuvuma. Fedha za sponji hizo ni afadhali uziweke kwenye stendi ya kipaza sauti.

Kelele za nje ni jambo jingine, kwani godoro halizuii bodaboda wala jogoo. Zima feni, na uzime friji kama iko karibu. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa. Dari ya jipsamu hupunguza kishindo, lakini haikiondoi. Kwa kuwa mvua za kusini huja katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, anayerekodi kazi ndefu kama kitabu kizima atafanya vyema kuipanga katika miezi ya kiangazi, akikumbuka kwamba upepo wa kusi nao hutikisa madirisha na makuti kwa walio karibu na bahari. Rekodi dakika moja ya ukimya alfajiri, nyingine mchana na nyingine usiku wa manane, kisha uzilinganishe. Saa inayofaa mtaa wa Shangani, Mtwara, huenda isifae kabisa kwa anayekaa karibu na stendi ya mabasi. Joto la chumba kilichofungwa bila feni halivumiliki kwa muda mrefu, kwa hiyo rekodi vipande vifupi, ufungue dirisha, upumzike, ndipo uendelee.

Umbali

Kila umbali kati ya mdomo na kipaza sauti unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji inayokifikia kifaa hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali kelele na mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Ukitoka sentimita 10 hadi sentimita 40 umepoteza desibeli 12, na ukiongeza geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, utakuwa umeinua pamoja nayo jogoo, feni ya jirani na mwangwi wote. Hii ndiyo sababu simu iliyowekwa mezani hutoa sauti ya mbali, na ndiyo sababu stendi au mkono wa kushikilia kipaza sauti karibu na mdomo si pambo.

Kwa kipaza sauti cha kuzungumzia, umbali unaozidi kidogo upana wa kiganja, yaani sentimita 10 hadi 15, ni mwanzo mzuri. Ukikaribia zaidi, vipaza sauti vinavyosikiliza upande mmoja huongeza uzito wa sauti za chini, jambo ambalo watangazaji wengi hulipenda lakini ambalo likizidi huyafanya maneno yasisikike wazi. Karibu namna hiyo, herufi “p” na “b” hupiga kishindo cha pumzi. Dawa yake ni kukiweka kifaa pembeni kidogo mwa mdomo, kikiwa kimeuelekea, ili pumzi ipite kando. Kichujio cha pumzi kinaweza kutengenezwa kwa soksi nyembamba ya nailoni iliyotandazwa juu ya duara la waya mgumu, nacho hufanya kazi sawa na cha dukani.

Dainamiki au kondensa

Vipaza sauti vya nyumbani ni vya aina mbili kuu. Cha dainamiki kina kiwambo kilichounganishwa na koili ya waya ndani ya sumaku. Sauti inapokitikisa kiwambo, koili huzalisha umeme kidogo. Hakihitaji umeme wa kukiendesha, huvumilia unyevunyevu na kuangushwa, lakini ishara yake ni dhaifu, hivyo hulazimu kusogelewa na kuongezewa geini. Cha kondensa hutumia kiwambo chepesi sana kilicho karibu na bamba lenye chaji ya umeme. Hunasa sauti ndogo na kali kwa undani zaidi, na kwa sababu hiyohiyo hunasa pia mlango wa jirani.

Wauzaji husifia kondensa kwa kuwa ndicho kinachofanana na vya studio. Katika chumba kilichotulia wana haki ya kukisifia. Katika chumba cha kawaida cha Chikongola au cha Lindi mjini, chenye dirisha la wavu na watoto uani, ninapendekeza dainamiki bila kusita, kwani kikitumiwa kwa karibu, huacha nje sehemu kubwa ya kile usichokitaka.

Kuna kondensa moja ya bei rahisi inayohitaji kuelezwa peke yake, nayo ni ile inayouzwa kwa jina la BM-800 pamoja na stendi, sponji na waya wenye pini ya eafoni. Vipaza sauti vya muundo huo vimetengenezwa kutumia umeme wa volti 48 unaopita katika waya uleule wa sauti, na umeme huo hutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kinachounganisha kipaza sauti na kompyuta, au kwenye kifaa maalumu cha kuutoa. Tundu la eafoni la simu au kompyuta hutoa volti chache tu. Matokeo yake ni sauti ndogo yenye mvumo mwingi, na mnunuzi hudhani ameuziwa kibovu. Ukijumlisha gharama ya kifaa cha volti 48 na waya wa XLR wa pini tatu, unafuu wake huwa umekwisha.

Ununue nini kwa fedha ulizonazo

Mwenye simu na fedha kidogo anunue kipaza sauti cha kubana kwenye nguo. BOYA BY-M1 ndicho kinachojulikana zaidi. Kina waya wa mita 6, betri ndogo ya LR44 na swichi ya kuchagua simu au kamera, na wengi hulalamika kwamba hakifanyi kazi kumbe swichi iko upande usiofaa. Kwa kuwa bandia zake ni nyingi, msikilize muuzaji lakini uamini sauti. Angalia pia pini: ya simu huwa na pete tatu nyeusi, ya kamera huwa na mbili. Kama simu yako haina tundu la eafoni utahitaji adapta, na baadhi ya adapta hupitisha sauti ya kusikiliza tu, si ya kurekodi. Ijaribu kabla ya kulipa.

Aina hii ndiyo bora kuliko zote kwa kurekodi wazee. Bibi anayesimulia ngano kwa Kimwera au Kimakonde, akielekezewa kifaa kikubwa usoni, huanza kuhutubia badala ya kusimulia; kipaza sauti kidogo kama kifungo hukisahau. Muombe ruhusa kwanza, na mueleze sauti yake itakwenda wapi. Kibane kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, juu ya nguo isiyosuguana na kanga wala mkufu, na uukunje waya kidogo chini yake ili mvuto usikifikie. Kwa kuwa husikiliza pande zote, maswali yako nayo yatasikika kiasi, jambo ambalo katika simulizi ni faida.

Mwenye kompyuta mpakato na fedha za kati, nikimshauri chaguo moja tu, nitamwambia anunue dainamiki ya kuchomeka kwenye USB. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x-USB zina njia zote mbili, USB na XLR, hivyo ukija kununua kadi ya sauti baadaye hutatupa kitu. Zote mbili zina tundu la kusikilizia kwenye kifaa chenyewe, nalo ni la thamani kuliko linavyoonekana, kwani hukuwezesha kujisikia papo hapo bila kuchelewa.

Njia ya tatu ni kadi ya sauti ya nje, kwa mfano Behringer UM2 au Focusrite Scarlett Solo, pamoja na dainamiki ya XLR kama Behringer XM8500 au Shure SM58, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu 1966. Njia hii ina maana kwa anayetarajia pia kurekodi gitaa. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, sioni sababu ya kuanzia hapo. Vipaza sauti vya bila waya vya bei ya chini niviache kwa wanaofanya mahojiano barabarani. Ndani ya chumba unalipia betri na redio usizozihitaji.

Katika fedha zozote ulizopanga, tenga kabisa sehemu ya stendi, waya mzuri na hedifoni za kufunika masikio. Hedifoni si lazima ziwe za gharama, lakini bila hizo hutasikia mvumo wa chaja ambao msikilizaji wako atausikia. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na hitilafu zake husikika kama ngurumo nzito isiyokoma. Kuichomoa chaja na kurekodi kwa betri ya kompyuta mara nyingi huiondoa.

Kununua kutoka mbali

Bidhaa nyingi za aina hii hutoka Kariakoo na kuletwa kwa basi, na kurudisha kibovu hugharimu muda na nauli ya mzigo. Kabla ya kutuma fedha, mwombe muuzaji arekodi nusu dakika kwa kifaa hichohicho atakachokufungia, akuletee kama faili na si kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubanwa na kuficha kasoro. Kubalianeni kwa maandishi kuhusu siku za kukijaribu.

Kifaa kikifika, kipime siku hiyohiyo. Pakua Audacity, programu ya kurekodi ambayo ni ya bure, uweke sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, kisha urekodi sekunde thelathini za ukimya na dakika mbili za kusoma kwa sauti yako ya kawaida, ukichagua maneno yenye “p”, “b” na “s” nyingi. Rekebisha geini hadi vilele vya sauti vifikie kati ya desibeli −12 na −6. Vikigusa sifuri, vilele hukatwa, sauti huharibika na hairekebishiki. Angalia kiwango cha ukimya. ACX, wanaopokea vitabu vya sauti, hutaka kisizidi desibeli −60. Kwa mafunzo ya mtandaoni −50 huvumilika. Kikizidi hapo, rudia jaribio ndani ya kabati la nguo lililo wazi: kelele ikipungua sana, kosa ni la chumba, mvumo ukibaki palepale, chunguza waya na chaja, kisha umpigie muuzaji.

Hifadhi rekodi asilia kwa WAV, aina ya faili isiyoibana sauti, ambayo kwa mpangilio huo na njia moja ya sauti huchukua zaidi kidogo ya megabaiti 300 kwa saa, na utoe MP3 ya kutuma. Kipaza sauti chenyewe, baada ya kazi, kifute kwa kitambaa kikavu na ukiweke ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, kwa sababu hewa ya chumvi hula pini za waya kwanza, na pini iliyoshika kutu huanza kukwaruza katikati ya rekodi.