Siku ya kukimbia mbali usipunguze msosi

Jamani mnaojiandaa na marathoni ya kwanza na huku mnataka kilo zishuke, naomba niseme hili moja maana naona watu wanaumia bure hapa Tanga. Siku ya kukimbia mbali kula. Kilometa 42.195 zinaenda na wanga uliopo kwenye misuli na ini, na akiba yenyewe ni ndogo, wengi inawaishia kwenye ya 30 hivi, sasa wewe umelala na matango tu halafu saa kumi na moja alfajiri unatoka Raskazone na tumbo tupu, ukifika ya 15 miguu haiendi, kizunguzungu, jasho la baridi. Mimi yalinikuta, nikakaa chini pembeni ya barabara mpaka muuza madafu akanikatia dafu na kunipa kipande cha muhogo ndo nikasimama.

Sasa hivi usiku wa kuamkia nakula wali au ndizi za kutosha, asubuhi mkate na chai ya sukari saa moja kabla, na mfukoni tende, natafuna mbili mbili kila nusu saa. Kupunguza nafanyia siku za kupumzika, hapo chapati moja badala ya tatu, samaki na mchicha kwa wingi, soda hamna. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, na zikibaki wiki mbili tatu kabla ya mbio achana na mizani, mwili upone kwanza.