Lehemu hufuata joto
Wenzangu mnaounga pete za fedha kwa tochi ndogo ya gesi, msiuelekeze moto kwenye lehemu, yaani kile kipande cha metali kinachoyeyuka na kuunga ncha. Itajiviringa kuwa kitone na kukataa kushika. Pasha pete nzima kwanza, moto ukizunguka bila kutulia, maana fedha hutawanya joto upesi mno. Boraksi, ile dawa inayopakwa kwenye kiungo ili lehemu ishike, ikiyeyuka na kung'aa kama kioo, ndipo usogee kwenye kiungo; lehemu itakimbilia yenyewe penye joto. Pengo haizibi, kwa hiyo ncha zigusane kabisa.

Hapa Mwanza mchana nafunga dirisha la upande wa ziwa, upepo huyumbisha moto. Mlango wa nyuma nauacha wazi, moshi ule si wa kuvuta. Kivulini pia wekundu hafifu wa fedha unaonekana vizuri. Uso wa pete ukianza kumetameta kama maji, ondoa moto papo hapo: fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha tupu, huyeyuka karibu nyuzi 890 za Selsiasi.