Joto la mtoto njiti usiku wa kipupwe
Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hupoteza joto upesi kwa kuwa mafuta mwilini mwake ni haba. Hata hivyo, katika baridi ya Juni na Julai hapa Tabora, asiwekewe jiko la mkaa chumbani (nia huwa njema, lakini hewa yake ya sumu haina harufu). Mvalishe kofia, soksi na nepi tu, umlaze wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kikigeukia upande ili pua iwe wazi, kisha umfunge imara kwa kitenge. Baba naye aweza kumbeba hivyo. Nyayo zikibaki baridi au akikataa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya mara moja, akiwa vivyo hivyo kifuani.