Trekta lako la kwanza: jinsi ya kulichagua hatua kwa hatua

Kila mwaka kuanzia Julai, watu wakishauza mahindi Kibaigwa, simu yangu haipumziki. "Kaka, nimepata Massey 290, mwenyewe anataka hela leo, nichukue?" Huwa siulizi bei. Nauliza shamba liko wapi na udongo wake ukoje. Wengine hukasirika, wanaona nawazungusha.

Nalima kwa trekta upande wa Kongwa na Kiteto, mashamba yangu na ya watu. Utaratibu huu ndio ningependa mtu anipe kabla sijanunua la kwanza. Kama uko Mbarali kwenye majaruba ya mpunga, hatua ni hizihizi ila majibu yatakuwa tofauti, na huenda pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, ikakutosha.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya heka na siku

Heka moja ni hatua 70 kwa 70, yaani kama mita za mraba 4,000. Jembe la diski tatu hukata upana usiofika mita moja. Trekta likitembea kilomita 5 kwa saa, ukiweka na muda wa kugeuza na kuhangaika na visiki, heka moja inakula saa moja na robo hivi. Siku ya saa nane inakupa heka sita, saba kama shamba limenyooka.

Kwa hiyo mwenye heka 20 anamaliza kwake kwa siku tatu au nne. Baada ya hapo trekta litalima kwa nani? Kama una majirani wanaolipa, sawa. Kama huna, endelea kukodi. Najua mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi ndiye ninayekodisha, lakini kaa na kalamu uzipige hesabu mwenyewe.

Hatua ya 2: Chimba mashimo

Chukua jembe la mkono, chimba mashimo matatu sehemu tofauti za shamba, kina cha goti. Fanya hivyo kiangazi, kisha rudia baada ya mvua. Tifutifu nyekundu haina shida. Mbuga nyeusi ina shida mara mbili: kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika inameza tairi hadi kwenye ekseli. Na ukifika kina cha shubiri jembe likagonga kama limepiga sakafu, hapo una tabaka gumu. Utahitaji ripa ya kulipasua, na ripa inataka trekta lenye nguvu.

Sisi wa Kongwa hatuna kisingizio cha kudharau hatua hii. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi wao mkubwa wa karanga. Walileta matrekta kwa mamia, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wetu ukikauka unakuwa kama saruji. Ulikula vyuma vyao, na karanga zilizokomaa zikashindikana kung'olewa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama.

Hatua ya 3: Panga zana kabla ya trekta

Watu wengi hununua trekta, hela inaisha, halafu wanazunguka kuazima jembe. Trekta bila zana ni pikipiki ya bei mbaya. Kwa maoni yangu, trekta lisile zaidi ya theluthi mbili za fedha ulizonazo. Inayobaki ni ya zana, sevisi ya kwanza na dizeli ya kuanzia msimu.

Anza na jembe la diski. Kwenye mashamba yenye visiki na mawe diski hupanda juu ya kisiki, ikashuka ng'ambo na kuendelea na kazi. Ncha ya plau la kawaida ingenasa au kukatika. Trekta la nguvu za farasi 45 hadi 50 lipe diski mbili. Diski tatu zinataka farasi 65 kwenda juu, na kwenye mbuga usijidanganye, sogea karibu na 80.

Ya pili ni haro, ile ya kuvunja madonge baada ya kulima. Bila haro utapanda juu ya madonge, na mbegu zitaota kama meno ya mtoto.

Ya tatu ni tela, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaotaka planta, mashine ya kupandia mbegu, kwanza. Planta inafanya kazi wiki chache kwa mwaka. Tela linabeba mahindi, tofali, mchanga, kuni na matenki ya maji kiangazi chote. Msimu mmoja mvua ilipokata mapema hapa kwetu, tela ndilo lililolipa ada za watoto wangu. Planta nunua mwaka wa pili.

Hatua ya 4: Chagua aina kwa kuangalia duka la spea

Sahau kwanza rangi. Andika vitu vitatu kwenye karatasi: klachi, pampu ya maji, sili za haidroliki (mfumo wa oili unaoinua jembe). Nenda kwenye maduka ya spea ya mji ulio karibu nawe, taja aina ya trekta unayoifikiria, uliza kama vipo dukani leo na ni shilingi ngapi. Ukiambiwa "tutakuagizia", jiulize hiyo wiki ya kusubiri ikiangukia Desemba utakuwa na hali gani.

Ndiyo maana Massey bado wanatamba huku. Massey 240 ina injini ya Perkins ya silinda tatu, 290 ina ya silinda nne ya farasi kama 80, na fundi wa kijijini anazifungua chini ya mwembe. Swaraj, Mahindra na New Holland nazo zina watu wake. Nenda na jibu la duka. Kama unanunua jipya la aina usiyoijua, muulize muuzaji ripoti ya majaribio ya CAMARTEC, wale wa Arusha, maana kupima zana za kilimo ni kazi yao.

Hatua ya 5: Kulikagua la mtumba

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Trekta langu la kwanza nilifika kuliona saa nne asubuhi. Likawaka kwa kugusa funguo tu, nikafurahi, nikalipa. Kesho yake alfajiri, nyumbani kwangu, lilikataa kabisa mpaka tukalivuta kwa trekta la jirani. Muuzaji alikuwa amelipasha moto kabla sijafika.

Sasa nikimwambia muuzaji nakuja saa nne, nafika saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya salamu kuisha mkono wangu uko kwenye injini. Ikiwa ya moto, nauliza lilikuwa linaenda wapi usiku.

Likiwa bado baridi, chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Fungua rejeta, waambie wawashe. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi au kichwa cha injini kina tatizo. Injini ikishapata moto, legeza kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu kama birika, ringi za pistoni zimechoka.

Klachi za Massey nyingi za zamani zina hatua mbili. Washa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, kisha kanyaga klachi nusu: trekta lisimame na PTO iendelee. Kanyaga mpaka chini: PTO nayo isimame. Isipofanya hivyo, uliza bei ya klachi kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Halafu omba kulima nusu heka. Mwenye trekta zima hakatai. Akikataa, aga uende. Ukimaliza, oili ikiwa ya moto, inua jembe juu kabisa, zima injini, simamisha kijiti chini ya diski, kaa unywe soda. Soda ikiisha na kijiti kimelazwa, haidroliki inavuja ndani. Usikubali kupima haidroliki asubuhi ikiwa baridi, oili nzito huficha aibu.

Mita ya kuhesabu saa za kazi usiiamini. Angalia matundu ya pini kwenye mikono ya kubebea jembe. Yakiwa na umbo la yai, trekta limefanya kazi ya miaka mingi hata kama rangi ni ya jana. Tairi za nyuma nazo zitazame kwa ndani, upande usioonekana kwenye picha. Pea mpya ni mamilioni.

Hatua ya 6: Makaratasi

Namba ya chasisi isome kwenye chuma chenyewe, ilingane na ya kwenye kadi. Jina la kwenye kadi liwe la anayepokea hela. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na hela ipite benki.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza shambani

Jaza tairi za nyuma maji mpaka usawa wa valvu ikiwa juu, ni kama robo tatu ya tairi. Uzito huo ndio utakaozuia tairi kuzunguka bure na kukula dizeli. Watoto na turniboi washuke kwenye madigadi, wote. Anayesogelea PTO asivae kanga wala shati lililofunguka, na kava la shafti lisitolewe.

Lima mistari mitatu kisha shuka uutembelee mfereji. Diski ya mbele ikichimba zaidi ya ya nyuma, refusha kidogo topulinki, ule mkono wa juu unaounganisha jembe na trekta. Usukani ukivutwa upande mmoja, tazama gurudumu dogo la nyuma ya jembe, mara nyingi springi yake imelegea. Kaza, lima mstari mwingine, angalia tena. Mimi huwa sipandi baiskeli kurudi nyumbani mpaka nione dereva anaendesha kwa mkono mmoja.