Kuweka katheta (mrija mwembamba) ubongoni kwa mkono wa roboti
Mpige mgonjwa picha za CT (eksirei za kompyuta) zenye vipande vya milimita 1 au chini, kisha chora njia inayokwepa mishipa ya damu. Bana kichwa, unganisha kibanio na roboti, ndipo ulinganishe picha na kichwa. Kosa la ulinganisho likizidi milimita 2, rudia. Kichwa kikisogea baada ya hapo, vipimo vyote vimeharibika na skrini huenda isikuonye. Hapa usifanye haraka kamwe.

Toboa fuvu taratibu: keekee ikigusa mfupa kimshazari huteleza, nayo katheta hufuata tundu lililopinda. Usiruhusu maji ya ubongo yavuje sana, maana ubongo hushuka na shabaha huhama. Nairobi umeme hukatika, kwa hiyo kagua betri ya akiba kabla ya dawa ya usingizi.