Somo: kupaka rangi seli za glia kwa antibodi

Wakuu, glia ni seli za ubongo zisizo neva, na antibodi ni protini inayoshika protini moja maalum, ndo tunaitumia kuziona. Wengi wananunua antibodi kwanza halafu ndo wanauliza itawaonyesha nini. Amua seli kwanza, kila aina ya glia ina protini yake ya kuitambulisha. Astrosaiti tafuta kwa GFAP, maikroglia kwa Iba1, oligodendrosaiti kwa Olig2 (hii inakaa kwenye kiini), na ukitaka mailini yenyewe (ala inayozunguka nyuzi za neva) chukua MBP.

1. Kufiksi (kukaza tishu isiharibike). Ubongo wa panya ukishapitishiwa paraformaldehaidi 4% kupitia moyoni, ulaze humohumo usiku mmoja kwenye friji, basi. Ukiusahau wiki nzima protini zinafungana mno na antibodi inakosa pa kushika, hapo utalaumu kampuni bure. Kisha sukari 30% mpaka uzame chini kabisa ndo ugandishe, la sivyo barafu inaitoboatoboa tishu. Kata maikromita 30 hadi 40.

2. Osha vipande na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) mara tatu, weka seramu 5% na Triton 0.3% kwa saa moja. Triton inafungua utando wa seli, seramu inaziba sehemu ambazo antibodi ingejishikiza ovyo.

3. Antibodi ya kwanza, usiku kucha nyuzi 4. Kipimo anza na kile cha kwenye karatasi yake, ila jaribu cha juu na cha chini pia kwa sababu tishu yako siyo tishu yao.

4. Osha vizuri, weka antibodi ya pili yenye rangi inayowaka (hii inaishika ile ya kwanza), saa moja au mbili gizani, halafu DAPI (rangi ya viini vya seli) dakika chache, osha, funika slaidi.

Na kipande kimoja kisipewe antibodi ya kwanza kabisa. Hicho kikiwaka, picha zako zote usiziamini.

MASWALI

Mkuu nina antibodi ya Iba1 iliyotengenezwa kwa mbuzi na ya GFAP iliyotengenezwa kwa sungura, nimeblok (hatua ya 2) na seramu ya mbuzi, kila kitu kinawaka mpaka basi.

– Lazima kiwake mkuu, antibodi ya pili inayotafuta mbuzi inaikamata na seramu yako. Hamia kwa punda, seramu ya punda na antibodi za pili zote mbili za punda.

Mbona hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo) imejaa astrosaiti ila korteksi (gamba la nje) ni kama hamna?

– Zipo. Korteksi ya panya aliyekomaa ina GFAP kidogo sana, na hata inapowaka unaona mifupa ya seli tu, vitawi vyembamba havionekani. Kwa hiyo usihesabu GFAP halafu ukaandika ni idadi ya astrosaiti, ongeza S100B au ALDH1L1, alama nyingine za astrosaiti.

Ubongo wa panya mzee unang'aa vidoadoa kwenye chaneli zote, hata kipande kisicho na antibodi.

– Hiyo ni lipofusini, taka zinazojikusanya kwenye seli kadiri zinavyozeeka na zinazong'aa zenyewe. Tumia Sudan Black B (rangi nyeusi inayofunika mng'ao huo) mwishoni, baada ya antibodi ya pili, na ukishaiweka usioshe tena na Triton maana inaitoa.